Nilivyomzamisha Shemeji

Kabla sijasimulia nilivyomzamisha shemeji yangu, haki inataka nianze na alivyonizamisha yeye, maana kisasi kisicho na sababu ni ukorofi, na mie si mkorofi hata kidogo. Mie ni mtu mpole niliyechokozwa kwa muda mrefu.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Kwa kawaida yetu shemeji ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukwambia mbele ya wageni kwamba kichwa chako kingefaa kuwa mguu wa kitanda, na wewe unatakiwa ucheke na umwongezee chai. Ukinuna, kosa linahamia kwako, watu wanaanza kuulizana huyu kalelewa wapi. Sheria hii bila shaka ilitungwa na mashemeji wenyewe. Walikaa kikao, wakafunga mlango, sie wengine tukaachwa nje. Na shemeji yangu aliitumia kama mtu aliyeokota shamba.

Chanzo ni jina. Nilipofeli kidato cha nne mara ya kwanza nilikuja kufanya kazi Keko, kwenye karakana ya makochi na makabati, upande wa msasa na vanishi. Baadaye nikajiandikisha shule ya jioni pale Chang'ombe ili nirudie mtihani. Lilikuwa darasa la watu wazima. Mmoja wetu alikuwa na ndevu nyeupe kuliko chaki, na mwalimu akiingia tulikuwa hatujui nani amsalimie nani shikamoo. Siku niliyojiandikisha nikampelekea dada habari. Dada akapiga kigelegele kilichosikika Ubungo. Shemeji alikuwa anakula. Akameza kwanza, akafuta mkono, akasema:

"Shem, kwenye mtihani kuna wanaofanya na kuna wanaosindikiza. Kawasindikize wenzio vizuri, usije ukawapoteza njia."

Dada mwenyewe alicheka. Nilimwona. Alijifanya anakohoa.

Jina likatoka mle ndani kabla yangu. Msindikizaji. Kwanza lilifika kwa mama wa chapati wa pale kona, na likishafika kwa mama wa chapati ni sawa na kutangazwa redioni. Likavuka barabara, likaingia Keko, likanisubiri kazini. Mafundi wa randa wakaniita Msindikizaji, wasukuma mikokoteni wakaniita Msindikizaji, na asubuhi moja akaja mteja kuchukua kabati lake, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni tangu nizaliwe, akauliza pale mlangoni, "Samahani, Msindikizaji yupo?"

Nikasoma kwa hasira. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kusoma hesabu za pembetatu kwa uchungu kama ule. Nikafaulu. Sitasema nilifaulu kwa kishindo. Kishindo kilikuwepo, ila cha wastani. Nikachukua cheti nikaenda nacho moja kwa moja kwa shemeji, nikijua leo jina linazikwa. Shemeji akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia, akanirudishia.

"Hongera sana, shem. Sasa wewe ni Msindikizaji mwenye cheti."

Na hapo ndipo ishu ilipokuwa kubwa, kwa sababu nilikuwa na mchumba. Ni binti wa Temeke anayeshona foronya za makochi, na wazee wake walikuwa wamekubali twende kujitambulisha. Baba yangu yuko Masasi na miguu yake haitaki tena safari ndefu, kwa hiyo msemaji wa ukoo, atakayesimama mbele ya wakwe na kunitaja, alikuwa ni nani? Ni yeye. Nikamfuata kiungwana, nikamwomba siku ile atumie jina langu la kweli.

"Jina gani?" akauliza. "Nitawaambia, wazee wetu, tumekuja na Msindikizaji."

"Watashangaa, shem. Watauliza bwana harusi yuko wapi."

"Nitawaambia bwana harusi yuko nyuma anakuja, huyu kamsindikiza."

Akacheka mpaka akashika ukuta, na ukuta nao nadhani ulicheka. Nikacheka pia, ndiyo sheria. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Jina lile ilikuwa lazima life kabla ya safari ya Temeke, na kama litakataa kufa, basi limpate mwingine wa kuishi naye.

Sasa tuingie majini.

Shemeji ana kibanda cha gemu Chang'ombe. Mbele kuna televisheni za vijana wanaocheza mpira na kugombana. Nyuma, penye pazia, kuna kompyuta mbili kuukuu zilizounganishwa kwa waya, na hizo zilikuwa za watu wazima, kwa ajili ya mchezo mmoja tu, wa nyambizi. Mmoja anaendesha nyambizi chini ya bahari, peke yake gizani, na topido zake chache za kulipulia meli. Mwingine ana meli kubwa ya mafuta inayokwenda bandarini, na manowari mbili zinazoilinda. Meli ikifika bandarini, nyambizi imeshindwa. Katikati ya skrini mbili pamesimamishwa ubao ili mtu asichungulie kwa mwenzake. Ubao ule niliupiga msasa mie mwenyewe, nikaupaka vanishi makoti mawili, na asante yake naisubiri mpaka leo.

Shemeji alikuwa bingwa wa manowari. Watu walitoka hadi Kinondoni kuja kuzamishwa naye. Nami kila Jumamosi mchana, karakana yetu ikifungwa mapema, nilikwenda kuzamishwa kama mtu anayekwenda kliniki.

Nilikufa vifo vya kila aina. Mara ya kwanza niliacha darubini ya nyambizi juu ya maji nikishangaa mandhari, shingo nje kama twiga, shemeji akaja akanipanda. Mara nyingine nilirusha topido zote kwa kiherehere. Zikapita mbele ya meli yake kwa adabu, kama watoto wanaopita mbele ya wageni. Lakini kifo nilichokufa sana kilikuwa cha kukimbia. Manowari zinatafuta kwa masikio. Zinasimama kimya juu, zinasikiliza mota yako, halafu zinatuma ule mlio wao, ting, ukigonga mgongo wako wanajua ulipo. Mie nikisikia ting nilikuwa nakanyaga mwendo wote, nikakimbia, mota inalia kama mashine ya kusaga, na shemeji anaufuata mlio ule taratibu kama mtu anayefuata harufu ya pilau. Halafu yanakuja mapipa. Ni mapipa ya baruti, anayadondosha kwa safu, yanazama, yanapasuka moja baada ya jingine ubavuni mwako mpaka taa zinazimika na maji yanaingia.

Na kila meli yake ilipofika bandarini salama, shemeji aliegemea kiti, akachungulia juu ya ubao, akasema maneno yale yale.

"Asante kwa kunisindikiza."

Watazamaji wanaangua kicheko. Natoka kichwa chini, mpole kama sofa lisilo na foronya.

Dawa niliipata Keko, na niliipata kwa aibu.

Ukitaka kuelewa maisha ya karakana, elewa mashine ya randa. Ikiwaka, dunia nzima inapotea. Unaweza kuimba, unaweza kulia, unaweza kumsema bosi akiwa amesimama hatua tatu kutoka ulipo, naye akadhani unamsifu. Kwa hiyo sie tulikuwa na utaratibu. Randa ikilia, tunamteta bosi. Randa ikinyamaza, tunanyamaza, tunasugua msasa kama malaika. Siku hiyo nilikuwa namweleza mwenzangu habari za ubahili wa bosi, nimeshika kasi, randa inanguruma, bosi yupo mlangoni anapima mbao. Umeme ukakatika.

Randa ya umeme haifi ghafla. Inashuka, uuuu, kama mtu anayeteremka ngazi, na fundi mzoefu anaufunga mdomo kabla haijafika chini. Mie nilichelewa. Karakana ikawa kimya kama msikiti siku ya Jumatatu asubuhi, na katikati ya kimya kile sentensi yangu ikabaki imesimama peke yake bila nguo:

"...hata kivuli chake angeweza angekikodisha."

Bosi akaweka futi chini. "Nani anakodisha kivuli?"

Sitaeleza yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba nilipewa kupiga msasa chini ya viti, kule ambako hakuna mteja aliyewahi kuangalia tangu viti viumbwe, na nilikaa huko chini muda wa kutosha kufikiri. Nilipokuwa chini ya kiti, ubavu sakafuni, vumbi mdomoni, ndipo likanijia. Mapipa ya shemeji ni randa.

Yakipasuka, yeye hasikii kitu. Masikio ya manowari zake yanajaa kishindo. Kumbe mie miaka yote nilikuwa nafanya kinyume: palipokuwa kimya nilikimbia, na mapipa yalipoanza kupasuka nilijikunyata nikisubiri kufa. Nikaona njia nyeupe. Wakati wa kimya, zima kila kitu, hata pumzi. Wakati wa kishindo, kimbia. Na funga mdomo kabla randa haijafika chini.

Kilichobaki ni kujua kishindo kinakaribia kuisha lini. Hapo pia Keko ilinisaidia. Kiti cha shemeji kilitoka karakana yetu, na mguu wake wa nyuma ulikuwa umelegea kwenye kiungo. Nilimwambia akilete tukitie gundi, akanijibu, "Nikikileta, utakisindikiza nyumbani?" Basi nikakiacha. Kiti hicho kilikuwa kinalia kwii kila anapoegemea, na shemeji alikuwa haegemei mpaka amalize kubonyeza. Akishadondosha pipa la mwisho la safu, anaegemea afaidi. Kwii. Ukiisikia hiyo, juu yako yamebaki mapipa machache tu ya kupasuka. Mchezaji mwingine yeyote asingejua. Kwangu ilikuwa kengele.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho kabla ya kwenda ukweni, nikaingia pale nikiwa nimechana nywele. Shemeji alishangaa zile nywele kuliko alivyoshangaa maneno yangu.

"Shem," nikamwambia, "leo tucheze kwa jina."

"Jina lipi?"

"Msindikizaji. Hebu tuulizane, kwenye mchezo huu wanaosindikiza ni nani? Mie niko peke yangu huko chini. Wewe ndiye una manowari mbili zinaisindikiza meli. Msindikizaji hapa ni nani?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni na soda yake ya tangawizi akaiweka chini. Mzee huyu ana duka la vitambaa vya makochi jirani na kibanda, duka lililoanzishwa na babu yake, mtu wa asili ya Kiarabu aliyekuja mji huu ukiwa bado minazi. Alikuwa anapumzika pale mchana, na kwa umri wake mabishano yote yalipelekwa kwake.

"Mtoto kasema neno," akasema mzee.

Shemeji akacheka. "Sawa, shem. Ukiizamisha meli yangu leo, jina nalichukua mie. Nikiitwa Msindikizaji, naitika. Na wewe nakuita kwa jina alilokupa baba yako, mpaka naingia kaburini."

"Na unanisindikiza mpaka kwangu Keko. Kwa miguu, watu waone."

"Nakusindikiza. Ukishindwa je?"

"Nikishindwa, ukweni utanitaja Msindikizaji, nami nitaitika naam."

Hata shemeji aliona nimeweka kitu kizito mezani. Mzee akainua kidole. "Basi tuwe na utaratibu. Kwenye kusindikizana, anayesindikizwa ndiye anayesema inatosha. Mwenyeji hageuki kabla hajaambiwa. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Sawa, sawa, mzee," akasema shemeji, tayari ameshaupa mgongo ushauri, anavuta kiti chake. Kwii.

Mzee akakaa penye ncha ya ubao, mahali anapoona skrini zote mbili. Watazamaji wengine wakajazana upande wa shemeji, kwa sababu upande wenye mapipa ndio wenye burudani. Upande wangu nilikuwa mie na pangaboi bovu. Nikafurahi. Nyuso zao zisingeweza kunisaliti kwa kitu ambacho hawakioni.

Meli ya mafuta ikatokea kwa mbali, manowari moja mbele, nyingine ubavuni. Nikapandisha darubini kidogo tu, nikachungulia kama mdaiwa anayechungulia dirishani, nikaishusha. Mwendo wa meli, umbali, pembe. Mwanafunzi wa shule ya jioni akishajua pembetatu, hailengi meli. Anailenga sehemu ambayo meli itakuwepo topido ikifika. Nilikuwa na topido za aina mbili. Za mvuke zina mbio, ila zinaacha mstari wa povu juu ya maji, mstari unaorudi moja kwa moja mpaka kwako. Za umeme hazina povu, ila zina mwendo wa bibi harusi.

Nikarusha ya mvuke moja, kutoka mbali, na sikuitegemea impate mtu. Niliituma ikajitangaze.

"Povu hilo," nikasikia sauti ya shemeji nyuma ya ubao. "Jamani, Msindikizaji kapiga hodi."

Akaikwepesha meli bila jasho, halafu akafanya nilichokuwa naomba usiku na mchana. Akazituma manowari zote mbili zifuate povu mpaka lilipotoka. Meli ikabaki peke yake, kama mke wa mtu aliyekwenda kuangalia mpira.

Mie nilishazama. Nilishuka mpaka chini kwenye tabaka la maji baridi, ambapo ile ting inafika imechoka, nikazima mota. Manowari zikaja juu yangu zikasimama. Ting. Nikatulia. Mkono wangu ulitaka kukanyaga mwendo wote, mkono wa mtu aliyekufa mara nyingi, nikaukalia. Ni kweli, niliukalia, nikacheza kwa mkono mmoja. Ting. Hii ikanigonga.

"Huyu hapa," akasema shemeji, kwa upendo kabisa.

Mapipa yakaanza kushuka. La kwanza likapasuka, taa zangu zikayumba, nami nikakanyaga mwendo wote. Mota ikapiga kelele kama randa mbovu na hakuna aliyeisikia. Nikakata kona, nikaelekea upande wa meli. Mapipa yanapasuka nyuma yangu, pale nilipokuwa, shemeji anaua maji. Kwii. Kiti kimelia. Nikazima. Mapipa ya mwisho yakapasuka, bahari ikanyamaza, na kwenye kimya kile sikuacha hata neno moja bila nguo.

Akasikiliza. Hakusikia kitu. Akadondosha safu nyingine kwa kubahatisha, nami nikapiga mbio nyingine. Kwii. Nikazima. Kadiri alivyonipiga ndivyo alivyonisukuma mbele. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kusafirishwa vizuri vile kwa gharama za adui yake. Pipa moja lilinikaribia, likanitoboa, mafuta yakaanza kuvuja yakapanda juu ya maji, na mie nikadhani ndio mwisho. Kumbe ndiyo ilikuwa zawadi.

"Mafuta," akasema shemeji. "Mafuta hayo juu. Kaenda, jamani. Kaenda na cheti chake."

Upande wa pili wakapiga makofi. Nikasikia kiti kikisukumwa, shemeji kasimama. Anapeana mikono. Mtu mmoja akauliza kama nimezama, shemeji akasema, "Huyo sasa anawasindikiza samaki." Akaanza kuimba na kucheza, na mie nikiwa ndani ya nyambizi inayovuja, upande wa pili wa meli yake, ambako hakuna manowari, hakuna masikio, hakuna mtu.

Nikapandisha darubini. Meli ilijaza skrini yote, pana kama ukuta wa kiwanda. Nikasema moyoni, hii ni ya chapati. Hii ni ya yule mteja wa kabati. Hii ni ya cheti ulichokiinua kwenye mwanga. Nikabonyeza.

Topido ya umeme ikatoka bila povu, polepole, kwa mwendo wake wa bibi harusi. Nikaisindikiza kwa macho. Shemeji bado anaimba. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa anaona skrini zote mbili, na mzee yule alinywa soda yake yote kwa funda moja, macho hayapepesi.

Ikafika.

Mlio wake ulitoka kwenye spika za pande zote mbili. Wimbo ukakatika. Nikasikia watu wanasema "ee" na "hii nini", nikasikia kiti kinarudishwa, vidole vinabonyeza kibodi hovyo. Skrini yangu ilijaa moto. Meli ikavunjika kiunoni, pua ikaenda juu, mkia ukaenda chini, na bandari ikabaki inasubiri.

"Imezama," akasema mzee.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, yenye methali, lakini nilipochungulia juu ya ubao na kuiona sura ya shemeji, nikaona maneno machache yanatosha.

"Asante kwa kunisindikiza, shem. Vaa viatu twende."

Wahubiri watasema samehe. Nitasamehe, nimeshaanza taratibu. Lakini siku ile sikuwa na haraka. Tulitoka Chang'ombe jua kali, mie mbele, yeye nyuma yangu hatua moja, na nyuma yake nusu ya wale watazamaji wanaojifanya wana safari zao. Penye kona ya kwanza akapunguza mwendo.

"Shem, nadhani hapa..."

"Twende, shem."

Mama wa chapati alikuwa pale pale. Akanipungia kijiko. "Msindikizaji, za leo?"

Nikaonyesha nyuma yangu. "Huyu hapa, mama. Mie nimestaafu. Msalimie."

Mama wa chapati akamtazama shemeji juu mpaka chini. "Msindikizaji?"

Shemeji akatazama angani, akatazama viatu. Mkataba ni mkataba. "Naam," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kufikia hapo nilijua Keko yote itapata habari kabla hatujafika, na kweli. Kila karakana tuliyopita, mafundi walizima mashine ili wamsikie anavyoitika. Naam. Naam. Watu wengine walimwita mara mbili. Penye kivuko akajaribu tena, akaniambia goti linauma. Nikamwambia goti la msindikizaji huwa linazoea, mie langu lilizoea. Ningeweza kusema inatosha popote. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tamu kama pipi, na ndiyo sababu sikutaka kulitema. Nililitema nilipokwisha fungua kufuli ya chumba changu, nyuma ya karakana, na mguu wangu mmoja uko ndani.

"Inatosha," nikasema.

Hapo ningekuwa na akili ningefunga mlango. Lakini mtu akishashinda anakuwa mkarimu kijinga. Nikamkaribisha. Akaketi kwenye kitanda, akanywa maji, glasi ya kwanza, glasi ya pili, akafuta jasho. Taratibu nikaiona ile sura yake ya zamani inarudi, sura ya siku ya cheti. Akaweka glasi chini. Akasimama.

"Haya, shem. Mgeni anaondoka." Akatabasamu. "Nisindikize."

Nje, wale watazamaji walikuwa bado wamekaa kwenye mbao wanasubiri. Nikitoka naye hatua kumi tu, jina linarudi kwangu mchana kweupe, kwa mila ile ile niliyomfunga nayo. Nikikataa, nimemfukuza mgeni, na tena ni shemeji, na ukweni tunakwenda naye. Niligongwa. Ting.

Nikafanya nilichojifunza. Nikanyamaza. Nikajifanya natafuta shati. Shemeji akasimama mlangoni anawapungia watu, kifua mbele. Na karakana ya jirani, Mungu awabariki, wakawasha randa.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Yakafuata mapito kati ya magodoro na mbao, nikakata kona, nikapita chini ya kitanda kinachosubiri vanishi, na kabla randa haijaanza kushuka nilikuwa ndani ya kabati kubwa la milango mitatu, la mteja wa harusi, mlango umerudishwa. Uuuu. Kimya. Ndani kulinuka gundi na mbao mbichi. Nikasikiliza.

Alikuja. Nilisikia hatua zake, zikisimama, zikisikiliza. Akaita, "Shem!" Nusu ya Keko ikageuka, maana nani pale si shemeji wa mtu. Wakamuuliza, "Shemeji yupi?" Akafungua mdomo kusema neno alilolizoea, nikamsikia analimeza. Neno lile lilikuwa lake sasa. Akiliita, ataitika mwenyewe.

Basi akaita jina langu. Kwanza kwa sauti ndogo, lile la kwanza tu, alilonipa baba. Wakaitika vijana wawili wenye jina hilo, haikutosha. Ikabidi aongeze la baba. Ikabidi aongeze la babu, aliyekuwa mchonga vinyago na hakuwahi kuvuka Mto Rufiji. Majina matatu, kamili, kama yalivyo kwenye cheti, shemeji anayapigia kelele kabati kwa kabati, na kila fundi anayasikia.

Siku chache mbele ukweni angeyahitaji. Nikaona bora azoee.

Nikakaa kimya humo ndani, mota zimezimwa, nikimsikiliza anavyonitafuta. Akapita mbele ya kabati langu, akaita tena. Sikuitika.